Mguu wa Spea

Stima inapopotea mtaani kwetu Barani, kitu cha kwanza kunyamaza ni redio ya kinyozi. Duka lake na langu vimetenganishwa na mabati tu, kwa hiyo muziki wake ndio muziki wangu, nitake nisitake. Juzi nilikuwa napinda sare za shule kwa cherehani yangu ya miguu, ambayo haijui habari za stima, redio ikakatika katikati ya wimbo. Mteja wa kinyozi alibaki na kichwa kilichonyolewa upande mmoja, nikawasikia wakichekana. Mimi niliendelea kukanyaga. Sikuamua kuendelea. Stima iliporudi na redio ikaudaka wimbo ule ule mbele kidogo, mguu wangu ulikuwa juu ya pigo lake sawasawa, kana kwamba sauti haikuondoka kamwe.

Nikasimamisha cherehani, nikageuka kuutazama mlango.

"Dada Kadzo, unamngoja mtu?" kinyozi akauliza, akichungulia na mashine yake mkononi.

"Hapana," nikamwambia. "Maliza kichwa cha watu."

Baba yangu, Kazungu, alikuwa mpiga besi. Alipiga katika bendi iliyotumbuiza wageni kwenye hoteli moja ya ufukweni hapa Malindi. Watu waliiita bendi ya Bwana Athumani, kwa sababu vyombo vyote vilikuwa vyake: spika, ngoma, magita, mpaka nyaya. Hata lile gita la besi lililolala nyumbani kwetu, limeegemezwa kando ya kitanda kama mgonjwa, lilikuwa la Bwana Athumani. Mimi sikulijua hilo. Nilidhani ni letu, kwa kuwa lilinuka baba: jasho, mafuta ya nazi, na ile harufu kali ya chuma inayobaki vidoleni ukishika nyuzi.

Nilipokuwa mdogo sikuweza kuisikia besi. Nilisikia mwimbaji, nilisikia gita dogo linalolia juu, nilisikia ngoma. Vidole vya baba niliviona tu vikitembea. Siku moja nilimwuliza kazi yake ni ipi hasa kwenye ile bendi.

"Kwani unadhani wananilipa kwa kusimama?" akaniuliza.

"Labda kwa kuwa wewe ni mrefu."

Alicheka mpaka akaketi. Kisha akawasha kanda ya wimbo, akanichukua kiganja akakibandika kwenye ubavu wa spika, akapiga akiufuata. Niliisikia kwa mfupa wa mkono, halafu kwa kifua. Akaacha kupiga huku kanda ikiendelea, na wimbo ukawa kama kitanda kilichong'olewa miguu. "Ndiyo kazi yangu," akasema.

Mama alifariki mdogo wetu Sidi akiwa bado hajaota meno. Tulikuwa watatu: mimi, mkubwa, kisha Charo, kisha Sidi. Baada ya mazishi baba akaanza kunifundisha. Sijui kwa nini alinichagua mimi na wakati ule. Labda alitaka mtu wa kukaa naye mchana, kwa kuwa kazi yake ilikuwa jioni na mchana nyumba ilikuwa kimya mno. Aliniita mayo, yaani mama kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa kuwa jina langu ni la mamake.

Gita lilikuwa refu kunishinda, kwa hiyo mafunzo yalianza bila gita. Wa rika langu mtazikumbuka zile redio za kaseti zenye kidirisha ambamo unaona kanda ikizunguka. Baba alikuwa akiweka kanda, ananiacha nikanyage kwa kisigino mpaka nishikane na wimbo, halafu anaizungusha ile swichi ya sauti mpaka kimya. Kanda bado inazunguka, naiona, ila hakuna kinachosikika. Baba anatazama ukuta kana kwamba hanijui. Kisha ghafla anarudisha sauti. Mara za mwanzo wimbo ulinikuta nimeshafika mbali, kama mbuzi aliyekata kamba.

"Unakimbia nini?"

"Sikimbii, baba."

"Unakimbia. Mtu akiachwa kwenye kimya hukimbia. Anaogopa, anataka kufika. Hakuna pa kufika, mayo. Wimbo haujasimama. Ni wewe tu huusikii."

Nikauliza kama nihesabu kwa mdomo. Akasema nisihesabu; mtu anayehesabu kwa woga, mapigo yake nayo yana woga. Niuache wimbo ushuke tumboni, nipumue, nikanyage kama mtu anayetembea njia anayoijua. Wanamuziki huita kitu hiki taimu, na baba alisema taimu haikai kwenye ngoma wala kwenye gita. Ikiwa haimo ndani yako, hakuna chombo kitakachokupa.

Tulipozoea mchezo wa kanda akaleta mwingine. Yeye alikaa kizingitini akikanyaga wimbo bila sauti, mimi akanituma bombani na ndoo. "Nenda nao," alisema, "urudi nao." Nilikwenda na wimbo tumboni. Nikapanga foleni nao, nikasukumwa na akina mama nao, nikatukanwa na mwenye bomba nao, nikaubeba kurudi chini ya ndoo. Siku nyingi nilirudi nikakuta kisigino changu na chake havisemezani. Lakini ikaja siku nilipokata kona ya choo cha jirani nikamwona pale kizingitini, kisigino chake kikashuka na changu kikashuka. Aliinuka akanitua ndoo, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

Nadhani ni siku hiyo akili yangu ya kitoto ilipopinda njia. Nilijiambia: kumbe mtu anaweza kwenda mahali asikosikika, na akirudi mkakutana pale pale, ilimradi wote wawili mmeshika. Nikamfikiria mama. Mama hakufundishwa taimu, ndiyo maana alikuwa hajarudi. Alikuwa amepotea huko kwenye kimya, anakimbia. Lakini baba alijua kushika. Baba hawezi kupotea. Sikumwambia mtu wazo hili, na hakuna aliyejua alinyooshe.

Kisha baba akaugua sukari. Ilianzia kwenye vidole vya mguu wa kulia, ule wa kukanyagia. Mwanzoni alisema unawaka moto, baadaye akasema hausikii kabisa. Alikuwa akipiga gita huku akiinama kuutazama, ahakikishe kwamba unakanyaga. "Huu mguu umeanza kunidanganya," aliniambia. "Unaniambia umeshuka, kumbe bado uko juu." Mpiga besi aliyezoea kuusikia wimbo kwa mguu wake, akipotewa na mguu, anakuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Jumapili moja alinipeleka mazoezini. Yalifanyika alasiri, uani kwa Bwana Athumani huko mji wa kale. Baba aliniketisha kwenye kigoda mbele yake, akavua kiatu, akaweka mguu wake kando ya mguu wangu. Mpiga ngoma aliitwa Mutua, mtu wa Ukambani aliyeletwa pwani na kazi ya ujenzi akabakishwa na muziki.

"Leo umetuletea mkaguzi?" Mutua akauliza.

"Nimeleta mguu," baba akajibu. "Wangu umelala."

"Ala, Kazungu amepata mguu wa spea. Tena mpya, haujapasuka hata kisigino."

Walicheka wote, na baba akacheka. Bwana Athumani alinikazia macho juu ya miwani. "Wewe binti, unajua unachokifanya hapo?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba," akasema, na safari hii walinicheka mimi. "Haya, kanyaga."

Nikakanyaga. Baba hakutazama nyuzi wala wenzake. Alitazama mguu wangu tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na besi ikatoka imetulia kama zamani. Mwishoni Bwana Athumani alikuja akasimama mbele ya kigoda. "Kazungu, huyu usimwachie mtu. Akifika kimo cha kuvaa gita, nafasi yako ni yake." Tukiwa njiani kurudi nyumbani baba alichechemea huku akipiga mluzi. Ndiyo siku ya pekee ninayokumbuka akiizungumzia kesho bila kukunja uso. Alisema nimalize shule kwanza. Alisema Charo na Sidi hawatalala njaa nyumba yenye besi mbili.

Kidonda kilianza na kokoto iliyoingia kiatuni, ambayo hakuisikia. Kikawa kidogo, kikawa kikubwa, kikaanza kunuka. Asubuhi moja shangazi, dadake baba, alileta tuktuk ampeleke hospitali. Sisi watatu tulisimama mlangoni. Baba alikuwa ameketi nyuma amejifunika shuka, na kidole chake kilikuwa kinagonga kwenye chuma cha tuktuk. Niliutambua wimbo, ulikuwa ule wa taratibu ambao bendi ilifungia kazi kila jioni.

"Umeushika?" akaniuliza.

"Nimeushika."

"Shika hapo hapo, mayo. Nikirudi nitakukuta."

Sasa mimi mwenyewe nimelea watoto, na najua alitaka tu nisilie mbele ya wadogo zangu. Wakati ule nilipokea maneno yale kama kazi. Nilijua kinachotakiwa. Nikishika, baba atarudi.

Nikashika. Nilikoroga uji na ule wimbo, nikakuna nazi nao, nikafua nao. Shuleni mwalimu alinisimamisha kwa sababu ya kisigino. Nikasimama nikaendelea kwa kidole gumba ndani ya kiatu. Charo alipoanza kuimba wimbo mwingine nilimfinya mpaka akalia, nami nikamwambia anataka kumpoteza baba. Alinitazama kana kwamba nimepata wazimu. Lililonitia hofu zaidi lilikuwa usingizi: nani anashika nikiwa nimelala? Mwishowe nikaamua kwamba Sidi anashika kwa pumzi zake, basi nikawa nalala nimemkumbatia, mgongo wake kifuani kwangu.

Shangazi alirudi na lile shuka limekunjwa. Mtu mzima akiona shuka la mgonjwa limerudi limekunjwa anaelewa. Mimi nilimwuliza kama amekuja kuchukua nguo safi.

Baba alizikwa bara, nyumbani kwa mamake, mbele ya Ganze, kwenye vumbi jekundu. Kwetu matanga tunaita hanga. Watu hulala nje, hula, hulia, na marehemu huchezewa, sembuse aliyekuwa mtu wa muziki. Baada ya mazishi, alasiri, bendi iliwasili na jenereta. Bwana Athumani, ambaye kwao maziko ni dua na utulivu, alimwendea nyanya yetu, tuliyemwita hawe, akamwuliza kwa upole kama kweli ni sawa kupiga muziki nyumba ya msiba.

"Mwanangu amewapigia watu wasiomjua maisha yake yote," hawe akamjibu. "Leo asipigiwe?"

Bendi ile ilikuwa na desturi yake. Mwenzao akifa walimpigia wimbo mmoja, na sehemu yake hawakumpa mtu. Iliachwa wazi tangu mwanzo hadi mwisho. Walileta gita la besi kutoka nyumbani kwetu wakalisimamisha juu ya kiti, waya haukuchomekwa popote. Kisha wakaanza, nami nikautambua wimbo. Ulikuwa ule ule. Nilikuwa nao tumboni, sijauacha tangu ile asubuhi ya tuktuk, na walipoingia waliingia juu ya kisigino changu kabisa. Nilifurahi. Sioni haya kusema nilifurahi kwenye hanga la baba yangu. Nilidhani huku ndiko kurudi kwenyewe: kanda ilikuwa ikizunguka muda wote, na sasa mtu anarudisha sauti, kidogo kidogo, ya besi itakuwa ya mwisho.

Lakini wakaanza kukimbia. Bila besi ya kuwazuia, na Mutua analia, mikono yake ikifuatana na kilio, wimbo ulichapuka, ukachapuka tena. Nikaona wanamwacha baba. Akija kuingia atakuta hawapo, watakuwa wameshafika mbali. Nikapita katikati ya wanawake waliokaa chini, nikaenda nikasimama mbele ya ngoma.

"Mnakimbia," nikamwambia Mutua.

Hakunisikia. Nikainua mguu nikaukita ardhini, nikapiga makofi, nikaukita tena, pale ambapo wimbo ulitakiwa kuwa. Vumbi lilipanda mpaka magotini. Mutua alitazama mguu wangu. Akaukazia macho vile vile baba alivyokuwa akiukazia, akapoza mikono, akaja kwenye pigo langu. Mwenye gita dogo naye akaja. Wimbo ukarudi taratibu ukakaa mahali pake, na wanawake wakapiga vigelegele wakidhani nacheza.

Shangazi aliinuka kunitoa. Nikamsikia hawe akimkataza: "Mwache somo wangu amchezee babake."

Sikuwa nacheza. Nilikuwa namshikia baba mlango.

Wimbo sasa ulikuwa umetulia, na pengo likasikika waziwazi, safi kabisa, kama nafasi ya mtu kwenye mkeka baada ya wengine kusogea. Mimi ambaye zamani sikuweza kuisikia besi inapopigwa, siku hiyo niliisikia yote isipopigwa. Kila mahali vidole vyake vingeshuka nilipajua. Nilikanyaga, nikamsubiri kwenye ubeti wa kwanza, kisha kwenye kiitikio, kisha pale katikati ambapo mwimbaji hunyamaza na besi kutembea peke yake. Hapo wote walinyamaza. Kulikuwa na jenereta tu, na mguu wangu, na lile gita juu ya kiti. Nikamtazama Mutua, Mutua akatazama chini. Kisha mwimbaji akaingia tena, sawasawa juu ya pigo, wakaendelea mpaka mwisho, na wimbo ukaisha.

Nilikuwa sijakosea. Hilo nalijua mpaka leo, na ndilo linaloniuma. Lau ningekosea, ningekuwa na cha kujilaumia.

Jioni hiyo walipakia vyombo, na gita likapakiwa pamoja navyo. Nilimwambia Bwana Athumani kwamba lile ni la baba. Alichuchumaa ili tulingane kimo. "Ni la bendi, mwanangu. Nakutunzia. Leo wewe ndiye uliyetushika, wallahi sote tulikuwa tunamwagika. Likikufaa kimo njoo ulichukue." Hakunidanganya; alisema alichokiamini.

Haikuchukua muda akaja Barani mwenyewe, akaketi kwenye kile kizingiti cha baba bila kujua. Hoteli ilikuwa imempata mtu mmoja mwenye kinanda ambacho ngoma na besi zimo humo humo ndani, bonyeza tu.

"Nimewaambia nina binti ana taimu kushinda hicho kinanda," akasema.

"Wakasemaje?"

"Wakasema kinanda hakili wala hakiugui."

Nilimpa maji. Aliyanywa yote, akashukuru, akaenda zake. Bendi ilivunjika. Vyombo vilitawanyika huku na huku, na gita nilisikia limekwenda Mombasa kwa mtu ambaye hata simjui jina. Mutua alirudi kwenye mawe na saruji.

Mimi niliacha shule, kwa kuwa Sidi alihitaji mtu wa kubaki naye na shangazi alikuwa na wake. Mwanamke mmoja hapa mtaani alinifundisha cherehani. Alishangaa jinsi mguu wangu ulivyokuwa hausiti tangu siku ya kwanza, akasema nimezaliwa fundi. Sikumbishia. Charo sasa anaendesha bodaboda Mnarani, hupiga simu siku ya sikukuu. Sidi ameolewa. Mwaka jana alinikalia hapa dukani akimnyonyesha mwanawe, akaniuliza kama ni kweli baba yetu alikuwa mwimbaji. Nikamwambia alikuwa mpiga besi. Akauliza besi ndiyo ipi. Redio ya kinyozi ilikuwa inapiga, nikamwambia asikilize chini, chini kabisa. Alisikiliza kidogo. "Siisikii, dada," akasema, akambadilisha mtoto upande.

Sijapata kuvaa gita la besi maishani mwangu. Ninachojua ni kanda iliyozimwa sauti, njia ya bombani na mguu huu. Umekaa na kitu ambacho hakuna aliyekihitaji, na haukiachi. Nikishona unacho, nikitembea sokoni unacho, nikilala nadhani unacho. Stima ikipotea naenda nao, ikirudi narudi nao. Kila mara naukuta wimbo pale pale, na kila mara natazama mlangoni kabla sijapata kujizuia. Huwa kuna mwanga wa nje, na pazia langu la khanga, na labda mtoto wa shule amekuja kuchukua sare yake.

Juzi alikuwa mtoto wa shule. Nikampimisha, shingo ilikuwa imembana kidogo, nikakaa nikaifumua.